Je, Wajua? Uzi wa Pili Hupita Mgongoni

Mkazi wa Simbo, mkoani Kigoma, ambaye joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika halimpi haja ya glovu, huenda akastaajabu kusikia kwamba glovu za maua, hata zile zisizo na vidole, hufumwa kwa nyuzi mbili za rangi mbalimbali katika mstari mmoja. Na uzi ule usio na zamu haukatwi, bali hupitishwa mgongoni mwa kazi, ukilegezwa kwa kadiri, kwani ukivutwa mno glovu husinyaa na mkono haupiti. Hapo, kwa yakini, ndipo fundi hujulikana. Uzi huo wa nyuma ndio uongezao unene, na kwa hiyo joto.

Huko Selbu, nchini Norwei, binti Marit Emstad alifuma mwaka 1857 glovu nyeusi na nyeupe zenye nyota ya ncha nane, zikapata sifa. Ama kwa zana, mzoefu wa vitambaa vya kroshia hutumia sindano moja. Glovu kama hizi kwa kawaida hutaka nne au tano, zenye ncha pande zote mbili.