Kutengeneza Kompyuta Iliyo Umbali wa Kilomita Bilioni 24

Fundi aletewapo redio iliyoharibika huifungua, akaichunguza kwa macho na kuigusa kwa mikono. Je, atafanyaje ikiwa chombo kiko umbali wa kilomita bilioni 24, wala hapana mtu awezaye kukifikia? Swali hilo liliwakabili wataalamu wa Marekani mwezi Novemba 2023.

Chombo chenyewe ni Voyager 1, kisicho na rubani, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977. Mwaka 1979 kilipita karibu na sayari ya Mshtarii, na picha zake zikadhihirisha volkano zilizokuwa zikilipuka katika Io, mmojawapo wa miezi ya sayari hiyo. Mwaka uliofuata kilipita Zohali. Mwezi Agosti 2012 kilitoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, kikawa chombo cha kwanza cha binadamu kuingia katika anga iliyo baina ya nyota.

Redio yake hutoa mawimbi yenye nguvu ya wati 23 hivi, kadiri ya taa ndogo. Mawimbi hayo husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya umbali uliotajwa kwa mwendo huo atapata sekunde 80,000, ambazo ni zaidi ya saa 22. Basi aulizaye swali leo hupata jibu kesho kutwa.

Novemba ile mawimbi hayakukatika, ila ujumbe ulipoteza maana: ukawa mfuatano uleule wa moja na sifuri. Wataalamu, ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa chombo kiliporushwa, walirejea maandishi ya waundaji wake wa zamani. Mwezi Machi 2024 walituma amri ya kuichokoza kompyuta, nayo ikarudisha nakala ya kumbukumbu yake. Walipoilinganisha na nakala ya awali, walitambua kwamba kipande kimoja kidogo cha kuhifadhia kumbukumbu kilikuwa kimekufa.

Kukibadilisha hakukuwezekana. Kwa hiyo maagizo yaliyokuwamo yaligawanywa mafungu, kila fungu likatafutiwa nafasi mahali pazima, kisha yakarekebishwa ili yaendelee kufanya kazi pamoja. Amri ya kwanza ilitumwa tarehe 18 Aprili. Tarehe 20 jibu likafika: chombo kilieleza tena hali yake. Wataalamu walishangilia, na pamoja nao watu wengi duniani waliokuwa wakifuatilia habari hizo kama watu wanaongoja barua ya ndugu aliye safarini.

Furaha hiyo ina mpaka. Umeme wa chombo hutokana na joto la plutoniamu, nao hupungua kiasi cha wati 4 kila mwaka. Ndiyo sababu vipimo vyake vimekuwa vikizimwa kimoja baada ya kingine. Siku moja redio itanyamaza, ingawa safari haitakoma. Hadi siku hiyo, kila taarifa inayopokelewa ni ya thamani kubwa, kwani hakuna chombo kingine kilichofika mbali kiasi hicho.