Theluthi moja ya lita

Ubao wa shingo ya gitaa, ule unaokanyagwa na vidole, kabla ya kurandwa una urefu wa sentimita 53, upana wa 7 na unene wa milimita 9. Zidisha: sentimita za ujazo 334, yaani theluthi moja ya lita. Maduka ya Ulaya na Marekani yanayouzia mafundi wa gitaa huuza kipande hicho, kikiwa cha ebene safi, kwa makumi ya dola. Tuchukue dola 30. Kwa bei hiyo, mita moja ya ujazo ya ebene ingefika karibu dola 90,000.

Hakuna mti wa bei hiyo porini. Fundi analipia uchaguzi, ukavu na taka iliyobaki kiwandani. Swali la fundi wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, basi ni hili: je, anayahitaji hayo yote kutoka ng'ambo?

Mji wenyewe una haki ya kuuliza. Mwaka 1952, ukiitwa bado Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa Mwenda Jean-Bosco, kijana wa Bunkeya, na wimbo wake "Masanga" ukazunguka dunia. Upigaji wa Katanga, wa dole gumba na kidole cha shahada, hukaa sana kwenye freti za mwanzo, karibu na kichwa cha gitaa. Kwa hiyo ubao hauliki sawasawa. Chukua gitaa kuukuu la bei nafuu, lenye ubao wa mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi: kuanzia freti ya kwanza hadi ya tatu rangi imekwisha, mti umetokeza, na chini ya kila uzi kuna kishimo kinachoingia ukucha. Freti ya kumi bado inang'aa kama ilivyotoka dukani.

Hapo ugumu una maana. Kwa kipimo cha Janka, yaani nguvu ya kuzamisha nusu ya gololi ya chuma ndani ya mbao, mpingo unahitaji newtoni 16,300 hivi, ebene ya Afrika ya Kati 13,700, palisanda ya India 10,900, na wenge 8,600. Mulombwa, ambao Watanzania wanauita mninga, uko chini ya yote hayo.

Uzito nao hufuata mpangilio unaokaribiana na huo. Mita ya ujazo ya mpingo mkavu ina kilo 1,270, ebene 955, wenge 870, palisanda 830, mulombwa 600 hivi. Ubao wetu ambao haujarandwa utakuwa gramu 424 ukiwa wa mpingo na gramu 200 ukiwa wa mulombwa. Ukisharandwa na kukatwa umbo, chini ya nusu ndiyo inayobaki, hivyo tofauti mkononi ni kama gramu 100. Gitaa jepesi lenye ubao wa mpingo litainamisha kichwa kidogo, basi. Kuhusu sauti sitasema mengi: ubao wa juu wa sanduku ndio unaoamua, na anayedai kusikia tofauti ya mpingo na palisanda akiwa amefumba macho, mimi humwacha na imani yake.

Kinachomsumbua fundi wa Likasi ni kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama hakuna, kisha Novemba unyevu unarudi kwa kishindo. Tuseme unyevu ndani ya mbao unashuka kutoka asilimia 12 hadi 8. Kwenye upana wa sentimita 5.5, ebene iliyopasuliwa kwa ubapa itanywea milimita 0.8, wenge 0.6, palisanda 0.43, mpingo 0.35. Ni hesabu ya karatasi, kwani gundi na shingo huzuia kidogo. Lakini freti ni chuma, hainywei. Ebene ikipoteza 0.8, ncha za freti hutokeza 0.4 kila upande, na ukiteremsha kiganja kwenye shingo unahisi msumeno. Hapo ndipo mteja anarudi na fundi anachukua tupa. Mti wenye jina kubwa kuliko yote ndio unaocheza zaidi.

Na ebene ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Kampuni ya Taylor ya Marekani, iliponunua kiwanda cha Crelicam cha Yaoundé mwaka 2011 pamoja na Madinter ya Uhispania, ilikuta kwamba katika miti kumi ni mmoja tu uliokuwa mweusi mtupu. Ile yenye michirizi iliachwa ioze msituni kwa sababu wanunuzi waliikataa. Taylor wakaanza kuitumia. Michirizi haipunguzi ugumu hata kidogo. Ni macho tu yaliyokuwa yakichagua.

Mpingo una taka yake: chini ya asilimia 10 ya gogo hutoka kama vipande safi, na mti huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Hata hivyo, weka hesabu hiyo kando ya jiko. Kwa asilimia 10, ubao mmoja unakula lita 3.3 za gogo. Gunia la makaa la kilo 50, katika tanuri la udongo linalofanya kazi vizuri, linakula kilo 250 za kuni, yaani lita 310 hivi za miti ya miombo: mbao 90 za gitaa ndani ya gunia moja.

Sheria ipo pia. Jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa Novemba 2019. Mwezi huohuo mti wa mukula wa Katanga ukaingia orodhani. Kuvusha mbao ghafi za miti hiyo hadi Zambia kunahitaji kibali.

Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, ningechukua mulombwa bila wasiwasi: hauchezi sana, na nailoni haichimbi. Kwa nyuzi za chuma, mpingo, hata wenye doa au mchirizi. Maseremala huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita 2.5 za unene, hivyo milimita 9 ni miezi minne, na mpingo huomba zaidi. Pasua Aprili, panga kivulini, paka nta kwenye ncha, na kila wiki mbili uweke ubao kwenye mizani ya sokoni. Gramu zikiacha kushuka kwa mwezi mzima, anza kuranda.