Jina la Biashara na Haki ya Kazi Yako

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii haihusu duka na shamba peke yake. Inahusu pia mali isiyoshikika kwa mkono.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja wa Kilwa Kivinje anapenda kompyuta. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Jioni akitoka pwani, hukaa na kuandika programu ya simu. Programu ni maagizo yanayoandikwa ili simu au kompyuta ifanye kazi fulani. Programu yake hutunza hesabu za samaki: nani kaleta kilo ngapi, nani kalipwa, nani bado anadai. Wavuvi wakaipenda. Wachuuzi wa Kilwa Masoko nao wakaitaka, tena kwa kulipa. Akaipa jina: Hesabu ya Pwani.

Hapo mchezo umegeuka biashara. Sasa je, mtu akiinakili programu ile na kuiuza Lindi mjini, itakuwaje? Na mwingine akiliandikisha jina lile yeye kwanza?

Haya ni mambo mawili, na kila moja lina ofisi yake.

1. JINA LA BIASHARA

Jambo la jina si geni kwetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Mwaka 1944 sarafu chache za Kilwa ziliokotwa mbali sana, kaskazini ya Australia. Maandishi yake ndiyo yaliyoonyesha zilikotoka.

Sheria yetu inasema hivi: ukifanya biashara kwa jina lako kamili, huna lazima ya kuliandikisha. Ukitumia jina jingine, kama Hesabu ya Pwani, lazima uliandikishe. Kazi hiyo, kwa Tanzania Bara, inafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, iliyoanza mwaka 1999. Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao. Uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, jina unalolitaka, aina ya biashara na mahali ilipo. Kwanza tazama kama jina hilo limekwisha kuchukuliwa. Jina linalofanana mno na la mwingine hukataliwa.

Lakini elewa vizuri. Kuandikisha jina si kuunda kampuni. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe mwenyewe. Wala cheti cha jina si leseni. Namba ya mlipa kodi utaipata TRA, na habari za leseni utaziuliza ofisi ya biashara ya halmashauri yako.

2. HAKIMILIKI

Cheti cha jina hakilindi programu yenyewe. Programu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Haki inaanza pale unapoiandika kazi yako, hata kama hujakwenda ofisini. Inadumu maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kwa hiyo ni urithi wa watoto pia.

Basi kwa nini kuandikisha? Kwa ajili ya ushahidi. Siku ya ugomvi utaulizwa: una nini cha kuonyesha? Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ina daftari la kazi za watunzi. Nawe nyumbani tunza nakala za kazi yako, kila moja na tarehe yake.

Jambo jingine: sheria hailindi wazo. Kijana hawezi kumkataza mwenzake kutunga programu nyingine ya hesabu za samaki kwa akili yake mwenyewe. Anaweza kumkataza kunakili ile aliyoiandika yeye.

3. JIHADHARI

Ukiandika programu pamoja na rafiki, andikeni mapema nani mwenye nini. Chama cha ushirika cha korosho kikikuagiza kazi, andikeni mkataba kabla ya kuanza: programu itakuwa ya nani, na malipo kiasi gani. Maneno ya barazani husahaulika. Usiweke sahihi kwenye karatasi usiyoisoma ukaielewa.

Jihadhari na vishoka pia. Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Dai risiti na uitunze.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma na kuandika ili usidanganywe. Mali ya akili nayo ni jasho. Iandike.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Cheti cha jina kinalinda nini, na hakilindi nini?
2. Kijijini kwenu ni nani anatumia jina la biashara ambalo hajaliandikisha?
3. Kijana wa Kivinje aanze na lipi? Kwa nini?