Redis Ikikunyima Njia, Isome Kwanza

Mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri, Kibokoni, Mombasa, hujaa watu wanaotafuta futari: viazi karai, mahamri, sambusa, kaimati. Sehemu ya biashara hiyo sasa hupita kwenye simu. Mteja aliye Nyali huagiza, hulipa kwa M-Pesa, kisha mwendesha boda huja kuchukua. Nyuma ya mfumo wa namna hii mara nyingi huwapo hifadhidata inayoweka data zake kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski, ili ijibu upesi. Iliyo maarufu zaidi ni Redis, iliyotungwa na Mtaliano Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Ndiyo inayokumbuka nani ameingia, ameweka nini kapuni na oda ipi imeshalipiwa. Ikigoma saa kumi na moja jioni, Magharibi haimngoji mtu.

Hapo ndipo fundi wa mfumo, simu zikimlilia kila upande, hutafuta amri yoyote itakayoufuta ujumbe wa kosa. Na amri iliyo rahisi kuliko zote ni ile inayouondoa ulinzi. Naandika kuikataza tabia hiyo, kwa sababu ujumbe wenyewe, ukisomwa kwa makini, huonyesha palipoziba.

Nyumba ya kale ya mtaa huu ina hatua zake: baraza, daka, sebule, kisha ndani, ambako si kila mgeni hufika. Redis nayo hukataa kwa hatua, na kila hatua ina maneno yake.

Ukiona “Connection refused”, jua kwamba Redis haijakwambia lolote. Aliyejibu ni kompyuta yenyewe, na anasema kwamba kwenye poti uliyogonga, kwa kawaida 6379, hakuna programu inayosikiliza. Kubadilisha nywila hapa ni kupoteza muda. Tazama kama Redis imewaka, kisha tazama inasikiliza kwenye anwani gani. Ikiwa ni 127.0.0.1 peke yake, itamjibu aliye ndani ya kompyuta ile ile tu. Wanaotumia Docker hunaswa sana hapa, kwa kuwa “localhost” ndani ya kontena ni kontena lenyewe, si kompyuta iliyolibeba.

Kimya ni jambo jingine. Ombi likienda lisirudi mpaka muda uishe, mara nyingi kuna kizuizi cha mtandao kinacholimeza, au anwani si sahihi, au njia ni mbovu. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota Kenya nzima, na mifumo iliyotegemea seva za ng'ambo ikawa inangoja majibu yasiyokuja. Siku kama hiyo usiguse mipangilio ya Redis.

Ujumbe unaohitaji utulivu kuliko yote ni ule unaoanza na DENIED. Redis inasema iko katika hali ya kujilinda: haina nywila, nawe unabisha hodi kutoka kompyuta nyingine. Ulinzi huu uliingia katika toleo la 3.2, mwaka 2016, na ulikuwa na sababu. Mwishoni mwa 2015 Sanfilippo mwenyewe alionyesha hadharani kwamba mtu akiikuta Redis iliyo wazi kwenye intaneti anaweza kuiamuru iandike faili yenye ufunguo wake wa kuingilia, kisha akaingia kwenye seva kama mwenyeji. Ujumbe huo wa DENIED ni mrefu na hutaja njia nne za kutokea. Tatu za kwanza zinazima ulinzi. Ya nne, iliyo chini kabisa, ni kuweka nywila. Mwenye haraka huichukua ya kwanza, kwa kuwa ndiyo anayoiona mwanzo. Wewe shuka hadi ya nne.

Baada ya hapo huja NOAUTH, yaani hukutoa nywila, na WRONGPASS, yaani ulichotoa hakikukubaliwa. WRONGPASS haisemi kama kosa ni jina, nywila, au mtumiaji aliyefungiwa, na hilo humnyima mwizi pa kuanzia. Upo pia ujumbe unaolalamika kwamba umetoa nywila ilhali seva haikuwekewa nywila. Wengi huupuuza. Mimi huutazama kwa wasiwasi, maana ama umeunganishwa na seva usiyoikusudia, ama seva yako imewaka bila mipangilio yake.

Hili la pili huweza kutokea baada ya umeme kukatika. Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Mtumiaji uliyemsajili kwa amri ya ACL SETUSER huishi kwenye kumbukumbu tu hadi umhifadhi kwa ACL SAVE au CONFIG REWRITE, kutegemea ulivyopanga. Usipomhifadhi, seva ikizimika naye hutoweka, na asubuhi programu iliyofanya kazi jana inapigwa WRONGPASS bila mtu kugusa kitu.

NOPERM maana yake umetambuliwa, ila jambo unalotaka si lako. Watumiaji wenye ruhusa tofauti walikuja na toleo la 6.0, mwaka 2020. Uliza ACL WHOAMI ujue umeingia kwa jina gani, kisha msimamizi asome ACL LOG, inayoandika nani alikataliwa na kama tatizo lilikuwa amri au ufunguo wa data. Ongeza ruhusa ile moja iliyokosekana. Programu inayosoma oda haihitaji uwezo wa FLUSHALL, amri inayofuta kila kitu.

OOM, MISCONF na READONLY hufanana na kunyimwa ruhusa lakini sivyo: kumbukumbu imejaa, data imeshindwa kuhifadhiwa diskini, au unaandika kwenye nakala ya kusomwa tu.

Majina, namba za simu na malipo ya wateja wa Kibokoni ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye mfumo kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa data zimevuja na zaweza kuwadhuru wenyewe. Basi wewe unayetunza mfumo wa mtu, fungua leo seva yako, andika CONFIG GET protected-mode, na ukijibiwa “no”, hakikisha nywila ipo na poti 6379 haionekani kutoka nje kabla hujalala.