Wahusika wa Makbeth na kisa cha ufalme wa Wazulu

Mgeni anayefika Point, ile ncha ya nchi kavu kwenye lango la bandari ya Durban, hulikuta jina la Shaka limeandikwa kwa herufi kubwa. Ndilo jina la bustani ya viumbe wa baharini iliyofunguliwa hapo mwaka 2004. Ni jina la burudani leo, lakini mwisho wa mwenye jina ulikuwa wa damu.

Mfalme Shaka aliuawa Septemba 1828 huko Dukuza, kaskazini mwa Durban. Wauaji walikuwa ndugu zake wa baba, Dingane na Mhlangana, pamoja na Mbopha, mtumishi wake wa karibu. Muda si mrefu Dingane akamuua Mhlangana pia, akabaki na ufalme peke yake.

Msikilizaji anayeifahamu tamthilia ya Makbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, atakuwa ameshaanza kuzitambua sura. Alizitambua pia Welcome Msomi, mwandishi Mzulu aliyefariki mwaka 2020. Mchezo wake, uMabatha, ulioneshwa mara ya kwanza Durban, katika Chuo Kikuu cha Natal, na mwaka 1972 ukapelekwa London.

Kwa Msomi, Makbeth ni Mabatha, jemadari anayerejea vitani na sifa tele. Wachawi watatu wamekuwa izangoma, yaani waaguzi, nao wanamtabiria ufalme. Hawamwambii aue. Wazo hilo analikuta moyoni mwake, na mkewe, Kamadonsela, analichochea hadi linawaka. Mfalme Dangane anauawa akiwa mgeni nyumbani mwao. Jina lake, ajabu, linakaribia kabisa lile la Dingane, ila katika historia Dingane ndiye aliyeshika mkuki.

Rafiki yake Mabatha, Bhangane, anauawa kwa sababu ya neno moja tu la waaguzi: kwamba uzao wake utatawala. Hapo ndipo tamaa inapogeuka hofu. Mabatha amekwisha kupata alichokitaka, lakini hawezi kulala.

Na Kamadonsela? Masimulizi ya Wazulu yanamtaja Mkabayi, shangazi yao Shaka na Dingane, kuwa mmoja wa waliopanga njama. Lakini Mkabayi hakuwa mke anayetafuta taji kupitia kwa mumewe. Alikuwa mkubwa wa ukoo, mwenye sauti yake mwenyewe barazani. Kwa hiyo historia ilikuwa na mwanamke mzito zaidi kuliko yule wa jukwaani.

Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba watazamaji wa ng'ambo, enzi zile za ubaguzi wa rangi, walipumbazwa na ngoma na ngao wakaisahau siasa. Lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo, kisa chenyewe kinashinda mapambo. Dingane alimwacha hai ndugu yake mwingine, Mpande, akimdhania mpole asiye na madhara. Mwaka 1840 Mpande, akiungwa mkono na Makaburu, alimpindua, kama vile Malcolm wa Shakespeare anavyorudi Uskochi na jeshi la Waingereza. Dingane alikimbilia kaskazini, akauawa huko mwaka uleule.

Wafalme wote wa Wazulu waliofuata, hadi Misuzulu kaZwelithini wa leo, ni wa uzao wa Mpande.