Sukari Inayogombewa Ndani ya Uvimbe wa Titi

Seli ya saratani ya titi ina uroho wa sukari. Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huichoma glukosi mpaka mwisho na kuvuna nguvu nyingi. Ile ya saratani mara nyingi huikatishia njiani ikawa asidi ya laktiki, hata oksijeni ikiwapo. Mjerumani Otto Warburg aliona tabia hiyo kwenye uvimbe miaka ya 1920. Inaonekana ni ubadhirifu, lakini seli inayogawanyika mbio haitafuti nguvu peke yake. Inataka pia malighafi ya kujengea seli mpya.

Hasara inaiangukia kinga ya mwili. Seli T, chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoharibika, zinapoamshwa hutegemea glukosi hiyohiyo. Zikiingia kwenye uvimbe huikuta imepungua na asidi imetanda, basi hulegea. Uvimbe mwingine huongeza hila: hujivika protini ya PD-L1, ambayo huzizima seli T. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa utafiti wa breki za namna hiyo. Dawa ya kuzifungua, pembrolizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kutumika pamoja na kemotherapia dhidi ya saratani ya titi ya hatua za mwanzo isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala vya HER2. Aina hiyo, ambayo ni kali, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika.

Je, mgonjwa wa Mpanda, mkoani Katavi, aache ugali na wali wa Mpimbwe ili auue uvimbe kwa njaa? La. Chakula kikikosekana, ini hutengeneza glukosi lenyewe. Kinachokonda ni misuli, na kinga hudhoofika. Jambo lenye uzito zaidi ni mafuta ya mwili. Baada ya hedhi kukoma, ndiyo hutengeneza sehemu kubwa ya estrojeni, homoni inayokuza saratani nyingi za titi, na yakizidi huleta mchochota usioisha.

Uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, ndiyo maana huachwa. Uchunguzi huanzia kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Tiba ya mionzi iko mbali, katika hospitali ya Bugando jijini Mwanza au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kwa treni safari kutoka Mpanda huanza kwa kupitia Kaliua hadi Tabora.