Bega Likiuma Baada ya Chanjo, Nani Atalipa?

Mkono kuuma siku mbili tatu baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Sisi wauguzi tunahofia bega linaloanza kuuma ndani ya saa 48, na miezi inapita mama hawezi kuinua mkono ajitwishe ndoo, wala mvuvi wa Kunduchi kuvuta wavu. Hutokea kwa nadra. Mara nyingi kosa si la dawa: sindano imechomwa juu mno, ikafika kwenye kifuko cha majimaji kinacholainisha kiungo, nacho kikavimba. Mahali pake ni kwenye nyama nene, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa ncha ya bega. Basi vueni shati. Kuteremsha ukosi tu hutuonyesha sehemu ya juu peke yake.

Wenzetu wa Marekani wana mfuko wa fidia ya chanjo tangu 1988, na mwaka 2017 jeraha hili la bega liliingizwa katika orodha yake. Mdai halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Kwetu, chanjo za UVIKO-19 zilizokuja kwa mpango wa COVAX kuanzia Julai 2021 zilikuwa na mfuko wa Shirika la Afya Duniani, uliohudumia nchi 92. Lakini sharti lilikuwa mgonjwa awe amelazwa, tena abaki na ulemavu wa kudumu. Mvuvi aliyeugulia nyumbani hakuhesabiwa! Tunaona sharti hilo halikumfikiria mtu anayekula kwa nguvu za mkono wake.

Kwa chanjo nyingine, kama ya pepopunda, inabaki njia ya mahakama, na hapo uzembe lazima uthibitishwe. Kesi ya namna hiyo hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayeidai Serikali hutoa kwanza taarifa ya siku 90.

Kwa hiyo tunzeni kadi ya chanjo. Maumivu yakizidi wiki moja, rudini mlikochanjwa, mwombe iandikwe ni mkono upi, yalianza siku gani, na namba ya toleo la dawa. Taarifa hiyo hupelekwa pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bila maandishi hayo hata wakili hodari hana pa kuanzia.

Wakati huohuo msiufunge mkono shingoni kwa majuma. Bega lisilotumika hukakamaa. Ombeni mfundishwe mazoezi ya viungo mapema.